Kihindi Nyuma ya Majora ya Vitambaa

Nilijifunza Kihindi nikitazama ukuta. Mbele yangu kulikuwa na ukuta wa duka, mgongoni mwangu majora ya vitambaa yamepangwa hadi karibu na dari, na upande wa pili wa majora hayo alikuwa ameketi mama mkwe wangu, naye anajifunza Kihindi hicho hicho. Mwalimu wetu alisimama kwenye pengo, ili atuone wote wawili na sisi tusionane. Ungeingia dukani bila kujua, ungedhani tumegombana. Hatukuwa tumegombana. Tulikuwa tunaheshimiana, na heshima yenyewe ilikuwa inanichosha roho.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Natengeneza mageti na madirisha pale soko la Kabati, njia ya Kitui, na wateja wangu wanajua hasira yangu iko karibu, kama kiberiti mfukoni. Nilizaliwa Nunguni, kule juu kwenye baridi, ambako siku hizi mtu na mama mkwe wake wanasalimiana kwa mkono na kunywa chai meza moja. Lakini nilioa Nuu, Ukambani huko huko, na katika boma nililooa bado wanashika nthoni. Nthoni ni ile aibu ya heshima iliyo kati ya mwanamume na mama aliyemzaa mke wake. Hamkai mkatazamana. Mkikutana njiani, mmoja anaacha njia. Na majina ndiyo kabisa: yeye hatamki langu, mimi sitamki lake. Miaka yote ya ndoa yangu, hata baada ya sisi kupata mtoto, nilikuwa nimeuona uso wa mama mkwe wangu kwa kuibia tu, kanisani, akiimba.

Halafu figo za mke wangu zikakataa kazi. Tukaanza safari za kumpeleka Kitui kwenye mashine ya kusafisha damu, anatoka pale amechoka hadi anashindwa kufunga vifungo vya sweta. Daktari akatuambia wazi kwamba mashine ni ya kushikilia tu, dawa yenyewe ni figo ya mtu. Mimi nikapimwa, hatukulingana. Mama yake akateremka kutoka Nuu, akapimwa, wakalingana. Aliposikia hivyo alisema neno moja kwa Kikamba, "Nesa," yaani vizuri, kama mtu aliyeambiwa chai iko tayari.

Hospitali iliyotukubali ilikuwa India. Kuna mtu wa kanisa letu aliyekuwa amempeleka ndugu yake huko, akaja nyumbani kutupa habari. "Daktari ataongea Kiingereza," akasema. "Lakini yule wa kuleta maji, wa kubadilisha shuka, wa kusukuma kitanda, huyo Kiingereza chake ni cha kubahatisha. Na nyinyi mtakuwa wagonjwa wawili, vyumba viwili, na mtu mmoja wa kuwaangalia."

Huyo mtu mmoja ni mimi. Mke wangu angekuwa chumba chake, sawa, nitamshika mkono. Lakini mama yake, amepasuliwa ubavu, hajawahi kufika hata Machakos, Kiswahili chake ni cha sokoni na Kiingereza hana, angeomba vipi maji? Na mimi nikifika mlangoni kwake ningefanya nini? Nisimame nitazame ukuta?

"Basi mchinjeni mbuzi, mtoe na blanketi, muivunje hiyo nthoni," akasema yule mtu wa kanisa. Mke wangu alikuwa ameshaulizia hilo. Mama yake alikuwa amekataa. Huvunji kitu cha namna hiyo wakati mtoto ni mgonjwa, alisema, maana kinachovunjika hakichagui kitakapoangukia. Mchungaji angemkemea kwa maneno hayo, na yeye mwenyewe Jumapili huimba kwamba ameoshwa. Lakini huyu ni mtoto wake, na hakutaka kubahatisha.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwa mama wa vitambaa. Ni mjane Mwislamu wa asili ya kule Asia, amezaliwa Kitui na duka liko Kitui, na Kikamba chake kinanishinda mimi. Nilikuwa nimemtengenezea mlango wa chuma. Nilipomweleza shida yetu akapiga meza. "Mnataka kuongea? Kuongea nitawafundisha. Huko kwangu tunasema ni Urdu, jirani yangu wa duka la vyuma anasema ni Kihindi, na tumegombana kwa lugha hiyo hiyo tangu tukiwa vijana, na kila mtu anaelewa anavyotukanwa." Halafu nikamweleza habari ya nthoni. Hakushangaa hata kidogo, alizaliwa hapa. Akaanza kuvuta majora.

Mama mkwe hakulala kwangu, hilo halifanyiki. Alipokewa na dada mmoja wa kanisa pale mjini, na kila alasiri akawa anafika dukani kabla yangu, ili nikiingia nimkute ameshakaa upande wake. Tukawa tunaitikia kama watoto wa nasari. *Pani*, maji. *Dard*, maumivu. *Meri beti kahan hai*, binti yangu yuko wapi. Hilo la mwisho mama mkwe aliliomba mwenyewe, na alilirudia hadi wateja wakawa wanalijua. Nilikuwa nalisikia likipita juu ya vitambaa, kwa sauti yake nyembamba ya Nuu.

Mimi nilikuwa mwanafunzi mbaya. Nilikuwa natoka kwenye kelele za gurudumu la kukatia chuma, nina usingizi, nina wasiwasi, na kila nikikosea mwalimu anapiga kelele, "Beta! Tena!" Beta ni mwanangu, mwana wa kiume. Beti ni binti. Aliniita beta kwa ukali wote, na kila aliponiita hivyo nilisikia upande wa pili mama mkwe akicheka chini chini. Alikuwa akinicheka, na mimi sikuwa na ruhusa hata ya kuuliza anacheka nini.

Kusoma nilitaka mimi. Niliwaza vibao vya hospitali, milango, dawa, nikamwambia mwalimu anifundishe na herufi. Akachukua kile kibao cha kadibodi kinachokaa ndani ya jora, akanipa chaki ya fundi cherehani. "Mtu huanza na jina lake," akasema, akaniandikia jina langu kutoka kulia kwenda kushoto. Haki, mkono wangu uligoma. Herufi moja ina sura hii ikiwa mwanzo, sura nyingine ikiwa katikati, na kuna zingine zinazokataa kabisa kuishika herufi inayofuata. Vinukta juu, vinukta chini, na irabu fupi hata hawaziandiki, unatakiwa ujue mwenyewe. Niliandika jina langu hadi kadibodi ikajaa. Kila nikimaliza kibao mwalimu anakichukua na kukipitisha upande wa pili. "Naye azoeze mkono," alisema, na mimi sikujali. Mama mkwe hakuwahi kwenda shule, mahali pa jina lake hutia kidole gumba. Nilidhani anachora maua.

Wiki zikaenda. Nikaanza kusoma maneno, halafu mistari. Nikajiona mtu. Nikampigia simu yule mtu wa kanisa anitumie picha za hospitali nijipime. Akatuma mlango mkubwa wa hospitali, na juu yake maandishi mekundu marefu.

Sikuweza kusoma hata herufi moja.

Nilitazama tena nikidhani nimeshika simu vibaya. Hakukuwa na kinukta ninachokijua. Jamani, damu ilinipanda! Mke wangu alikuwa anazidi kuvimba miguu na mimi nilikuwa nimemaliza siku zangu kujifunza maandishi ya pahali pengine. Nikaenda dukani nikiwa nimevaa aproni ya kazi, nikaweka simu juu ya kaunta. "Mama, umenifundisha nini?"

Akavaa miwani. "Umeniomba herufi, nikakupa zangu. Hizi ni za huyo," akaelekeza kidevu ukutani, kwa jirani. "Sisi tunaongea pamoja, lakini hatusomani."

"Hatusomani! Mke wangu anakufa, mama!"

Lilinitoka kwa sauti kubwa. Upande wa pili wa majora chaki ikaanguka sakafuni. Nilikuwa nimesahau kwamba ni alasiri na kwamba yuko pale. Hakuna mtu katika familia yetu aliyekuwa amelisema neno hilo, na mimi nililisema mbele ya mama yake. Nilitamani ardhi inimeze.

Kosa lilikuwa letu wote na lilikuwa la kwetu kabisa. Sisi Kikamba tunakiandika kwa a, e, i, o, u, Kiswahili ni hizo hizo, Kiingereza ni hizo hizo. Nani angewaza watu wanaongea kitu kimoja halafu wanaandika kama hawajuani? Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Mama wa vitambaa hakunijibu kwa hasira. Alitoka nje, akamwita jirani yake kwa maneno ambayo sasa niliyaelewa na siwezi kuyaandika hapa, na yule mzee wa duka la vyuma akaja akiwa anafuta grisi mikononi. Yeye nilimwelewa mara moja. Tulizungumza chuma. Akachukua kibao, akaandika jina langu kutoka kushoto kwenda kulia. "Wewe unatengeneza geti," akasema. "Hizi ni nondo, zimening'inia. Kwanza nondo zote, halafu mwishoni reli ya juu, mkwaruzo mmoja." Akapitisha chaki juu ya herufi zote, mstari mrefu mmoja, krrr, na jina langu likawa geti. Nilifanya hivyo hadi jioni, na siku zilizofuata pia. Na vibao vile navyo vikapita upande wa pili.

Ndipo hospitali wakatuandikia. Kabla ya kutupa barua ya kuombea viza walitaka kuongea na kila mmoja wetu kwa video, peke yake. Kuna watu wananunua figo, wengine wanalazimisha jamaa zao, kwa hiyo lazima wathibitishe kwamba anayetoa ni ndugu kweli na anatoa kwa hiari. Wasiporidhika, hakuna safari. Yule mtu wa kanisa akatuonya: "Kila mtu ajibu anachoulizwa. Mkianza kusaidiana, wanaona mnaficha kitu."

Tulikodi chumba cha saiba pale Kitui, vile vibanda vya plaiwudi vyenye kompyuta ya intaneti. Mama mkwe aliingia, mimi na mke wangu tukabaki kwenye benchi upande huu wa plaiwudi, tunasikia kila kitu. Upande ule wa India kulikuwa na daktari mwanamume, na mwanamke aliyejua Kiswahili, sijui alikijifunzia wapi, kikavu lakini safi.

Mama mkwe alianza vizuri. "Namaste," akawasalimia, na wale watu wakafurahi. Wakamuuliza kama anajua atapasuliwa. Anajua. Kama kuna mtu amemlazimisha. Hakuna. Kama ameahidiwa kitu. "Nimeahidiwa mtoto wangu," akasema. Mke wangu akashika mkono wangu. Nikaanza kupumua.

"Na mume wa binti yako anaitwa nani?"

Kimya.

Nilijua papo hapo. Tulikuwa tumemfundisha maji, maumivu, asante, binti yangu yuko wapi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza jina langu, kwa sababu hakuna mtu wa Nuu angemuuliza mama jina la mkwe wake.

"Ni baba ya mjukuu wangu," akasema.

"Ndiyo. Lakini jina lake?"

"Ni fundi. Wa mageti."

"Mama, tunahitaji jina. Unamjua?"

"Namjua."

"Anaitwa nani?"

Nilisikia daktari akiongea chini na yule mwanamke, na ubaya ni kwamba sasa nilikuwa naelewa. Alisema, huyu mama hamjui mkwe wake. Alisema, labda wamemtoa mahali. Nilisimama. Mke wangu, ambaye asubuhi hiyo alikuwa ameshindwa kubeba kikombe, akanivuta shati kwa nguvu hadi nikakaa. "Ukiongea tumekwisha," akaninong'oneza. "Na yeye akiongea?" nikauliza. Mke wangu alijua mama yake anaamini nini: kwamba jina hilo likitoka kinywani mwake, atakayepigwa na laana ni yeye binti. Yaani mama yake alikuwa anamwokoa kwa kunyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikokuwa kunamuua. Nilikuwa na hasira, wacha niseme ukweli, nilikuwa na hasira na Nuu yote, mbuzi wake na mawe yake.

"Mama," yule mwanamke akasema polepole, "ukishindwa, itabidi tufunge hapa."

Nikasikia mfuko ukifunguliwa. Kitu kikawekwa mezani. Halafu nikasikia chaki.

Nilijua sauti hiyo, chaki ya fundi cherehani juu ya kadibodi. Iliandika kidogo, ikanyanyuka, ikagonga vinukta. Kiti kikasogea. Alikuwa anawaonyesha.

"Hii... hii ni Urdu?" akasema daktari. "Samahani. Hakuna anayeisoma hapa."

Nikafumba macho. Kadibodi ikageuzwa. Chaki ikaanza tena, nzito, inasimama na kuendelea, mkono wa mtu aliyejifunza kuandika uzeeni. Nondo moja. Nondo nyingine. Nilikuwa nazihesabu kwa masikio, nikijua jina langu lina ngapi. Halafu mwishoni, krrr, ule mkwaruzo mrefu wa reli.

Daktari akasoma. Mtu ambaye sijawahi kumwona, India, alitamka jina langu lote, vizuri kabisa, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye benchi. Mke wangu alificha uso begani kwangu akalia.

"Kwa nini hukusema tu, mama?" yule mwanamke akauliza.

"Kwetu, mdomo umekatazwa," mama mkwe akajibu. "Mkono haujakatazwa. Hakuna aliyeukataza, maana haukuwa unaandika."

Alitoka uso ukiwa umegeukia upande, mimi nikaingia nikiwa nimegeukia upande mwingine. Kibao alikuwa amekiacha mezani. Jina langu lilikuwepo, limepinda, herufi ya pili imekosewa ikafutwa kwa kidole. Mtu asiyejua kuandika lake alikuwa amejifunza langu mara mbili. Nilikitazama hadi yule mwanamke akaniita.

Waliniuliza ya kwao nikajibu. Halafu daktari akasema, "Na mama wa mke wako, anaitwa nani?"

Karatasi zote walikuwa nazo, jina lilikuwa limeandikwa hapo. Ningeweza kulitamka. Mimi ni mtu wa Nunguni, ningetamka na wala mbingu isingeanguka. Lakini yuko pale, upande wa pili wa plaiwudi, anasikia. Nikaangalia chaki aliyoiacha. Nikaichukua, na chini ya jina langu nikaandika lake. Sikuwa nimewahi kuliandika kwa herufi hizo, nililiunganisha polepole nikiogopa kulikosea, nondo baada ya nondo, halafu nikapitisha reli. Nikainua kibao.

Daktari akasoma jina la mama mkwe wangu kwa sauti. Kule nje benchi likalia, mtu amesimama.

"Inatosha," akasema. "Njooni. Barua mtaipata."

Nilitoka kwenye kibanda. Mke wangu alikuwa ameketi, anacheka na kulia pamoja. Mama yake alikuwa amesimama karibu na mlango, leso kichwani, amenipa kisogo kama kawaida. Nikageukia ukuta kama kawaida.

"Beta," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Miaka yote hiyo hakuwa amewahi kuniita chochote.

"Beta, chalo." Mwanangu, twende.

"Ji, Mama," nikajibu, ile ndiyo ya heshima. Nikatangulia kumfungulia mlango, huku natazama ukuta, na machozi yananitoka.